Njuga za Headington

Mwaka huo nilikuwa msaidizi wa mwalimu katika shule moja ya msingi mjini Oxford, na binti yangu akisoma hapo hapo. Mei ilipokaribia tukaambiwa watoto watafundishwa moris, ngoma ya jadi ya Waingereza. Darasani mlikuwa na watoto wa Kipakistani, wa Kipolandi, wa Timor ya Mashariki. Jirani yangu wa Mombasa, ambaye mwanawe alikuwa darasa hilo, akanipigia simu usiku.

"Dada, hii si ndiyo ile ya kujipaka masizi usoni? Mwanangu akacheze ngoma ya kutukejeli sisi Weusi?"

Swali lile lilinikaa rohoni. Mzee aliyekuja kufundisha nilimwuliza kabla hajaifungua konsetina yake, kinanda kidogo cha mkononi. Hakukasirika. Alisema mtindo wa Headington, kitongoji cha hapo hapo Oxford, huchezwa uso mtupu. Masizi yalikuwa ya vikundi vingine, hasa vya upande wa mpaka wa Wales, naye alitamani yaishe. (Mwaka 2020 vyama vikuu vya moris vilikubaliana kuyaacha. Siku niliposikia, nilimpigia jirani yangu papo hapo.)

Kisha akawakalisha watoto sakafuni, akawasimulia jambo lililotokea karibu kabisa na hapo. Tarehe 26 Desemba 1899, baridi ilikuwa imesimamisha kazi za ujenzi, na waashi wa Headington Quarry wakatoka kucheza wapate chochote, ingawa msimu wa ngoma yao haukuwa huo. Mwalimu wa muziki, Cecil Sharp, aliwaona akiwa dirishani. Kesho yake akamwita mpiga konsetina wao, William Kimber, akaziandika nyimbo zake. Mwaka 1905 Kimber akaenda London kuwafundisha mabinti washonaji wa klabu iliyoendeshwa na mama mmoja, Mary Neal. Waingereza watupu wale, na bado ilibidi wafundishwe!

Mama mmoja Mwingereza aliyekuja kumchukua mwanawe aliniambia kwamba yeye hajawahi kuonyeshwa hata hatua moja. Wapo wanaodai utamaduni wa Kiingereza unapotea kwa sababu yetu wahamiaji. Madai hayo huniumiza, kwa kuwa siku ile niliona kwa macho yangu nani alikuwa akijifunza.

Watoto walipangwa sita sita, safu mbili za watatu, njuga miguuni, kitambaa cheupe kila mkono. Kuruka si kazi. Kazi ni kutua wote pamoja, njuga zilie mlio mmoja. Binti yangu alipotea mara nyingi. Mvulana wa Kitimori ndiye aliyeipata kwanza, akawa anawahesabia wenzake kwa sauti. Mwana wa Mombasa naye alicheza. Mama yake alisimama mlangoni hadi mwisho.

Watoto walipotoka, mzee akaniuliza kwetu tunacheza nini. Mimi ni mtu wa Makunduzi, Unguja, kwa hiyo nilimweleza Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya: wanaume wanavyopigana kwa migomba, kibanda cha makuti kinavyochomwa moto, wanawake wanavyoimba. Nikamwambia asili yake inasemwa ni Uajemi, ng'ambo ya bahari, na leo hakuna Mmakunduzi anayeiona ngeni.

"Na mgeni anaruhusiwa?"

Nikamwambia kwetu nyumba isiyopata mgeni siku hiyo huhesabiwa kuwa na mkosi. Akataka kujua ni mwezi gani. Julai, nikasema, nikamwandikia jina la kijiji kwenye daftari lake la nyimbo.