Injini ya boti inapopoteza nguvu

Mtu anayesafiri kwa boti kutoka Matema kuelekea vijiji vya Ziwa Nyasa visivyo na barabara anaitegemea injini moja tu, na mara nyingi ni injini kuukuu ya mipigo miwili. Inapopungua nguvu, tafadhali usikimbilie kufungua kabureta.

Sikiliza kwanza. Injini ikivuma sana huku boti ikijikokota, kagua propela, kwa sababu mpira uliomo katikati yake huchakaa ukaanza kuteleza. Chora mstari wa rangi kutoka kitovu cha ndani hadi sehemu ya nje, kisha endesha. Mistari ikiachana, mpira umekwisha.

Ikiwa injini yenyewe haipandi kasi, mwambie mwenzako aminye pampu ya mkono iliyoko kwenye mpira wa mafuta wakati boti inakwenda. Nguvu zikirudi, tatizo liko kwenye njia ya mafuta, na mimi huanza kushuku kiwambo, yaani utando laini, cha pampu ya mafuta ya injini, ambacho hupasuka kwa uzee, au chujio lililoziba.

Zisiporudi, fungua plagi. Moja ikiwa nyeusi na imelowa petroli ilhali nyingine ni kavu na ya kahawia, zibadilishane nafasi: kasoro ikihama, plagi ni mbovu, ikibaki palepale, pima koili inayoipa plagi umeme wa cheche, na mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Mgandamizo wa silinda ukitofautiana kwa zaidi ya asilimia 15, ringi au pistoni zimechoka, na hakuna marekebisho ya kabureta yatakayoponya hilo.