Vepu, arki na shati la kazini

Mimi ni dereva wa wageni. Nawachukua uwanja wa ndege Kiembesamaki, hapa Zanzibar, nawapeleka Nungwi au Paje, siku zao zikiisha nawarudisha. Nusu ya kazi hii ni kuendesha na nusu ni kungoja, na kungoja ndiko kulikonifikisha kwenye pakiti nzima ya sigara kwa siku. Ndege imechelewa, nawasha. Mgeni bado anatafuta begi lake, nawasha nyingine.

Vepu, yaani sigara ya umeme, sikuitafuta. Mgeni mmoja, mama wa Kiingereza, alikuwa anaondoka, na wakati wa kukaguliwa mizigo akaambiwa vepu, kwa sababu ya betri yake ya lithiamu, haiingii kwenye sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege, lazima aishike mkononi. Ikabidi alifungue sanduku pale pale, nguo za ndani na vikoi vyote hadharani. Akatoa vepu mbili ambazo hata hazijafunguliwa. Moja akanipa mimi, na kwa Kiswahili chake cha likizo akasema, "Rafiki, gari nzuri, harufu mbaya."

Iliniuma, lakini alisema kweli. Miaka kumi na minane ya sigara huinusi tena, wanakunusia wengine.

Ile ya kwanza ilikuwa ya kutupa ikiisha, ladha ya embe, embe la barafu kabisa. Nikaivuta siku nne bila kugusa sigara. Shati likawa halinuki. Mke wangu, Mama Nasra, alininusa shingoni, akanusa tena, hakusema kitu. Siku ya tano alipoiona mfukoni ndipo aliposema: "Kumbe umeacha sigara umeanza shisha ya mfukoni."

Wengi ninaowajua waliingia kwa mlango huo huo wa harufu. Yupo anayehudumia wageni hotelini na msimamizi wake hataki kusikia moshi. Yupo kijana anayemficha babake. Wapo kweli wanaotaka kuacha, kama nilivyojiambia mimi. Na wapo wale wa Forodhani jioni, wanapuliza mawingu wapigwe picha, wala sigara hawajaijua maishani. Hao mpaka leo siwaelewi. Mimi nilikuwa natafuta pa kutokea, wao wanatafuta pa kuingilia.

Ilipokwisha nikanunua nyingine mjini, na hapo ujinga wangu ukanitoa jasho. Ile ya mama wa Kiingereza iliandikwa miligramu 20 za nikotini kwa mililita, ambacho ndicho kiwango cha juu wanachoruhusu kwao na nchi za Umoja wa Ulaya. Hii mpya iliandikwa 5%. Nikasema, ah, tano ni ndogo kuliko ishirini, hii ya watoto. Kumbe asilimia tano ni miligramu 50! Na haikwaruzi koo hata kidogo, kwa sababu nikotini yake imechanganywa na asidi ikawa laini. Nikaivuta tangu Bububu kama mtu anayekunywa maji. Kufika Mahonda nina kwikwi. Kufika Kinyasini jasho la baridi linanitoka, mate yamejaa kinywani, na nyuma nimepakia familia ya watu wanne. Nikaegesha chini ya mwembe, nikawaambia tairi naiona kama imepungua upepo, nikazunguka nyuma ya gari nikatapika. Yule mtoto wao mdogo alikuwa ananitizama kwenye kioo muda wote.

Baada ya hapo nikaona nikijue kitu nilichonacho. Kuna mwalimu wa kupiga mbizi Nungwi ambaye ni mvutaji wa siku nyingi, akaifungua ya kwake mezani akanionyesha. Betri, waya mdogo uliosokotwa wanaouita koili, pamba, na maji. Pamba inanyonya maji, koili inapata moto, maji yanageuka mvuke. Maji yenyewe ni glisirini, propilini glaikoli, ladha na nikotini. Hakuna tumbaku inayoungua, kwa hiyo hakuna lami wala kaboni monoksidi ya moshi wa sigara, na hizo ndizo hasa zinazoua mvutaji. Mwaka 2015 idara ya afya ya umma ya England ilikadiria kuwa vepu ina madhara pungufu kwa asilimia 95 kuliko sigara, na wataalamu wengine wakaipinga hesabu hiyo. Aliyeibuni hii tunayoijua leo, mwaka 2003, ni mfamasia wa China, Hon Lik, naye alikuwa mvutaji na babake alikufa kwa saratani ya mapafu. Habari hiyo ilinigusa kuliko ile asilimia.

Nikanunua ya kujaza, nikaanza na maji ya miligramu 12. Unaijaza, unaiacha dakika kumi pamba ilowane. Mimi sikungoja, nikavuta pamba kavu ikiungua, na ladha ile sitaisahau, kama kulamba pasi ya mkaa.

Sasa kasoro yake, ambayo sikuambiwa na mtu. Sigara ina mwisho. Inaungua, inafika kichungi, unaitupa, umemaliza. Vepu haina mwisho. Nilikuwa naivuta kitandani, chooni, kwenye foleni ya Darajani. Nilipojitizama nikaona sigara nimeziacha, ila mkono wangu haupumziki tena.

Kilichonigutua kilitokea mkesha wa Idi kubwa. Maji yangu nilikuwa nayaweka kabati ya jikoni, maana ndani ya gari joto linayaharibu. Chupa ndogo ya mililita 60, ladha ya vanila, ina picha ya ua la vanila. Miligramu 6, kwa hiyo ndani mna miligramu 360 za nikotini. Mama Nasra anapiga keki ya sikukuu, watoto wamemzunguka wanagombania kulamba mwiko. Akaniita: "Baba Nasra, hebu nifungulie hii arki ya keki, kizibo kimeniganda."

Kizibo hakikuganda. Kimetengenezwa hivyo, mpaka ukibonyeze chini ndipo kizunguke, kusudi watoto wasikifungue. Nikaichukua ile chupa, nikatoka nayo uwani, nikakaa juu ya ndoo. Miguu haikuwa yangu.

Siku ile nilimwambia kila kitu. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Nikashuka taratibu. Miligramu 6 nikaimaliza, nikaenda 3. Chombo nikakihamishia kwenye buti la gari, na sheria ikawa moja: nikikitaka nisimamishe gari, nishuke, nikifuate. Ukikifuata kitu juani mara nane kwa siku unaanza kujionea haya. Niliteleza mara moja, nilipokwenda Pemba msibani. Niliposhuka Mkoani nikanunua sigara moja, nikaivuta nusu, nikaona nakula jivu.

Ramadhani ndiyo iliyomalizia kazi. Mwaka wa nyuma yake nilikuwa nafungua kwa tende moja na vepu. Safari hii nikajiuliza: saa kumi na tatu za mchana mwili unakaa bila nikotini na gari naendesha vizuri, basi baada ya magharibi shida ni ya nani? Nikajaza maji yasiyo na nikotini kabisa. Siku ya pili na ya tatu kichwa kilitaka kupasuka, nikamfokea jirani aliyekuwa anachoma taka. Kwa hilo hata hivyo nilikuwa na haki, maana kwenye jaa lile mlikuwa na vepu za kutupa, na betri za lithiamu zikiona moto zinapasuka kama fataki. Uingereza wenyewe walipiga marufuku kuziuza za kutupa Juni 2025.

Kufika kumi la mwisho chombo kilikuwa kinalala kwenye buti bila chaji. Sasa pale kilipokuwa kinakaa, karibu na gia, nina kikopo cha karafuu alizonitumia mama kutoka Wete. Natafuna moja nikingoja ndege. Wageni wanaisifu harufu.

Mama Nasra hajanirudia lile neno la shisha. Ila mpaka leo, kila chupa ya arki anayoishika huifungua, huinusa, halafu hunitizama kwanza ndipo aimimine.