Siku moja kwenye dawati la habari, Mombasa

Saa 11:30 alfajiri. Kama mhariri, nasoma magazeti ya wenzetu kabla ya letu, maana nataka kujua walichopata sisi tukakikosa. Kisha nafungua makundi ya WhatsApp: ya wanabodaboda, ya wakazi wa Likoni, ya waandishi. Humo mna fununu tu. Picha ya ajali inayosambazwa huenda ni ya mwaka juzi, tena ya nchi nyingine, kwa hivyo swali la kwanza kwa aliyeituma ni moja: wewe ndiye uliyeipiga?

Saa 2. Simu kwa waandishi wa Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, halafu kikao na wa hapa mjini. Anayesema "nafuatilia suala la maji" anarudishwa. Suala si habari. Maji yamekatika mtaa gani, tangu lini, nani wa kujibu?

Saa 3:30 orodha ya habari za siku inaenda makao makuu Nairobi, kuomba nafasi kurasani. Hapa huwa nacheka kidogo, kwa sababu gazeti lililokuja kuwa The Standard lilizaliwa Mombasa mwaka 1902, mikononi mwa A. M. Jeevanjee, na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza kutoa gazeti la Al-Islah papa hapa mwaka 1932. Hawakuwa na wa kumwomba nafasi ukurasa wa pili.

Saa 5. Mahakama ya Shanzu, kesi ya mihadarati. Mwandishi yuko kwenye simu.

"Amekana, bosi."

"Umesikia mwenyewe ama umeambiwa na karani?"

"Nilikuwa ndani."

"Basi nisomee karatasi ya mashtaka, pole pole."

Uzito ndio wa kuangaliwa kwanza. Tangu marekebisho ya sheria ya 2022, adhabu ya ulanguzi inategemea uzito, kwa hivyo gramu zikiandikwa kilo, tumebadilisha kesi yenyewe. Jina liwe kama lilivyo kwenye karatasi, majina yote matatu, kwa sababu Pwani akina Mohamed Ali ni wengi na mmoja wao ni jirani asiye na kesi. Tena bondi (ahadi ya kurudi mahakamani, bila kulipa pesa papo hapo) na dhamana ya pesa taslimu ni vitu viwili. Hakimu akisema bondi ya Sh500,000 au pesa taslimu Sh200,000, tunaandika zote mbili.

Saa 7, wali na mchuzi, hapo hapo mezani.

Saa 8. Habari za bandari, ambazo makosa yake hayaonekani kwa msomaji wa kawaida ila mawakala wa forodha huyaona mara moja. Takwimu za shehena huja kwa TEU, yaani kipimo cha kasha la futi 20. Kasha la futi 40 linahesabiwa TEU mbili. Mwandishi akiona bandari ilipita TEU milioni 2 mwaka 2024 anaandika "makasha milioni 2", na papo hapo idadi imevimba. Nikikuta neno "makasha" karibu na tarakimu kubwa, naomba ripoti yenyewe, wala si taarifa kwa vyombo vya habari.

Saa 9 habari zinaanza kuingia. Mara ya kwanza nasoma hadi mwisho bila kugusa kitu. Halafu napunguza aya ya kwanza ifike maneno 25 hivi, nakagua majina, najumlisha tarakimu (waliokufa 3, waliojeruhiwa 11, gari la abiria 14 — na dereva je?), kisha natafuta jibu la anayelaumiwa.

Hili la mwisho ndilo hutuponza. Habari ilikuwa maneno 600, tangazo limeuzwa, nafasi imebaki ya 380. Mkono wenye haraka unakata kutoka chini, na huko chini ndiko waandishi wengi huweka "alipopigiwa simu, alikana madai hayo". Ukikata hapo umechapisha shutuma tupu, na barua ya wakili iko njiani. Majibu yapande hadi aya ya tatu au ya nne kabla ya kukata chochote.

Saa 11 ndiyo makataa ya kurasa za ndani. Taarifa za polisi huandikwa kwa Kiingereza, kwa hivyo kila saa iliyotajwa naigeuza iwe ya Kiswahili. 3am ni saa 9 usiku, na mwandishi aliyechoka huacha 3 ilivyo, mtu akauawa wakati watu bado wako kwenye chakula cha jioni. Mtoto aliye kwenye kesi hatajwi, wala baba yake, wala shule, kwani kwa vipande hivyo mtaa mzima utamjua.

Saa 1 usiku naprinti ukurasa. Kwenye kioo cha kompyuta jicho husoma linachotarajia. Nakagua pia kilicho jirani: habari ya boti iliyozama haikai kando ya tangazo la safari za boti.

Jina la mhariri halipo popote kwenye ukurasa huo. Tuzo za kila mwaka za Baraza la Vyombo vya Habari huenda kwa walioandika, na ndivyo inavyofaa. Kazi ya mhariri wanaipima wanasheria wa kampuni, kwa simu wasizopokea.

Saa 3 usiku kesi ya Shanzu inaingia kwenye shajara: tarehe ya kutajwa, jina la hakimu, namba ya faili. Bila namba hiyo karani hakusaidii.