Yokosuka: manowari, mchuzi wenye unga na jaketi za madragoni

Ukimwambia Mjapani wikendi waenda Yokosuka, kwanza atakuuliza mchuzi utakula wapi, halafu ndo akumbuke kule kuna manowari. Mi nlidhani ni mzaha mpaka nilipofika. Mji wenyewe uko kwenye rasi ya Miura, pale ghuba ya Tokyo inapofunguka kwenda baharini, na toka Yokohama ukipanda treni ya haraka ya Keikyu ni kama nusu saa hivi. Watalii wengi hawaendi, wanakimbilia Kamakura kwa lile sanamu la Buddha na wanarudi, na kusema kweli ukitaka mahali pa kupendeza tu basi nenda Kamakura, Yokosuka ni mji wa kazi, majengo ya kawaida, milima imeushika mji mgongoni na mbele ni bandari, na hiyo bandari ndo kila kitu.

Sasa we kama umekulia Mombasa kama mimi, jeshi la majini kwako ni kule Mtongwe, na sheria yake ni moja tu, simu weka mfukoni. Hata kwenye feri ya Likoni ukitoa kamera utapata mtu wa kukusemesha. Basi nimefika Yokosuka nakuta kuna boti ya watalii, unakata tiketi, unakaa juu kwenye upepo, unazungushwa dakika 45 katikati ya manowari za Marekani na za Japani, na wamama wazee wenye kofia za jua wanapiga picha nyambizi kwa kamera zenye lenzi kama bomba la maji, na hakuna anayeshtuka. Nlikaa dakika za mwanzo simu iko mapajani, mazoea tu, nikisubiri mtu wa kutukataza.

Maelezo ya kwenye boti ni Kijapani kitupu lakini jamaa anayetangaza ana raha na kazi yake, anaonyesha hii ni ya makombora, ile ya kutafuta mabomu ya majini, zile nyeusi zilizolala kama zimechoka ni nyambizi. Upande mmoja ni Wamarekani, maana makao ya ile Seventh Fleet yao, kundi la meli za kivita, yako hapa, na tangu 2008 wanaweka hapa manowari ya kubeba ndege inayotumia nyuklia, ambayo ukibahatika utaiona gatini na usipobahatika iko safari. Upande mwingine ni Wajapani wenyewe. Halafu boti inapita kwenye mfereji mwembamba uliokatwa enzi za mfalme Meiji, mwishoni mwa karne ya 19, ili meli zipite toka bandari moja kwenda ya pili, na hapo pande zote mbili ni ukuta wa kijani, unasahau kabisa kuwa dakika mbili nyuma ulikuwa unatazama mizinga.

Kilichonishangaza mimi si ukubwa wa hizo meli. Ni kuwa ukianza kuuliza kitu gani hapa kilitoka wapi, karibu kila kitu kilitoka kwa wengine. Mji huu ulikuwa kijiji cha wavuvi. Mwaka 1853 Mmarekani Perry, kamanda wa jeshi la majini, akaja na meli zake nne nyeusi hapo hapo Uraga, akateremka Kurihama, na sehemu zote mbili saa hizi ziko ndani ya mji wa Yokosuka. Serikali ya shogun, yule mkuu wa kijeshi aliyekuwa anatawala Japani, ikaona wazi kuwa bila meli za chuma na mvuke wataliwa kama walivyoliwa wengine. Ofisa wao mmoja, Oguri Tadamasa, akasukuma wazo la kujenga karakana kubwa ya meli, na wakamleta injinia Mfaransa kijana, Léonce Verny, kazi ikaanza 1865. Miaka mitatu baadae serikali ya shogun ikaanguka, Oguri akauliwa na washindi, lakini hao hao washindi wakaichukua karakana yake na kuendelea nayo kama kawaida. Hiyo ndo siasa, popote ulipo.

Gudi ya kwanza, yaani pale meli inapoingizwa, maji yakatolewa na mafundi wakaingia chini kuikarabati, ilikamilika 1871 na mpaka leo inafanya kazi ndani ya kambi ya Wamarekani. Mawe ya 1871! Na kando ya stesheni ya JR kuna bustani ya maua ya waridi yenye jina la huyo Verny, na kijumba ambamo wameweka nyundo za mvuke zilizotengenezwa Uholanzi, za mwaka 1865 hizo hizo. Moja imeendelea kufua vyuma mpaka miaka ya 1990. Mi nlisimama pale muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya mizinga yoyote. Hakuna kiingilio, watu karibu wote wanapita nje kupiga picha maua.

Kutoka hapo ukitembea ufuoni unafika Mikasa. Hii ndo meli ambayo admirali Togo aliipanda mwaka 1905 alipowapiga Warusi kwenye mlango bahari wa Tsushima, na ndo manowari pekee ya aina yake iliyobaki duniani. Nayo si ya Kijapani kwa kuzaliwa, ilijengwa Barrow, Uingereza, na kampuni ya Vickers, ikakabidhiwa 1902. Saa hizi haielei, imezamishwa kwenye zege ufuoni, kwa hivyo watoto wanakimbia kwenye sitaha na meli haitikisiki hata kidogo. Unaweza kupanda mpaka lile daraja la juu la kuongozea meli ambapo Togo alisimama wazi wazi risasi zikipita, wenzake wakimwambia ashuke ndani, yeye hataki.

Sasa hapa kuna kitu watu wa pwani yetu tungefaa kukijua. Wale Warusi hawakutoka jirani, walitoka bahari ya Baltic, wengi wao wakazunguka Afrika nzima, na Waingereza waliokuwa marafiki wa Japani wamewafungia bandari zao, kwa hivyo makaa ya mawe walikuwa wanapakia baharini kutoka meli za Wajerumani. Mapema 1905 wakakaa zaidi ya miezi miwili Nosy Be, Madagaska, hapo chini yetu kidogo tu, joto, maradhi, mabaharia wamechoka na wengine wananunua wanyama wa kufuga wanaingiza melini. Ndo wakaondoka hapo kwenda kukutana na Togo tarehe 27 Mei. Katika meli 38, zilizofika Vladivostok ni tatu. Warusi karibu 5,000 wakafa, Wajapani 117. Nilipokuwa nasoma hiyo ramani ya safari yao ukutani, kidole changu kilienda moja kwa moja kwenye ule mkondo kati ya Madagaska na Msumbiji, nikamwambia mwenzangu hawa wamepita nyumbani bwana.

Kinachouma zaidi kwenye hadithi ya Mikasa ni kuwa mkataba wa amani ulisainiwa Septemba 1905, na siku chache tu baadae meli ikiwa imetulia bandari ya Sasebo, ghala lake la baruti likalipuka ikazama, wakafa zaidi ya mia mbili, yaani kuliko Wajapani wote waliokufa Tsushima. Ikainuliwa, ikakarabatiwa, 1926 ikawa makumbusho. Halafu baada ya vita vya pili ikavuliwa kila kitu, juu yake wakaweka ukumbi wa dansi na pahali pa kuonyesha samaki. Dansi! Juu ya meli ya Togo. Ikaja kurudishwa hali yake 1961 baada ya watu kupiga kelele, mmoja wa waliosaidia ni admirali Nimitz wa Marekani, yule yule aliyewapiga Wajapani kwenye vita vya Pasifiki, na vipuri vingine vikatolewa kwenye manowari ya zamani ya Chile iliyoletwa Japani kukatwa vyuma chakavu.

Nina neno moja na hayo makumbusho ya ndani. Ushindi umeelezwa vizuri, bendera, barua, modeli za meli, lakini mi nilitoka bila kuona mengi kuhusu Korea, ambayo mwaka huo huo wa 1905 iliwekwa chini ya himaya ya Japani na 1910 ikamezwa kabisa. Mtu wa nchi iliyotawaliwa analiona hilo pengo haraka sana.

Na bahari ni moja. Karakana ya hapa hapa Yokosuka ndo iliyojenga Hiryu na Shokaku, manowari mbili za kubeba ndege zilizokuwemo kwenye kundi lililopiga Colombo tarehe 5 Aprili 1942 na Trincomalee siku nne baadae, bandari mbili za Sri Lanka ya leo. Baada ya kipigo hicho meli za Waingereza zikarudi nyuma mpaka wapi? Kilindini. Wakaja na watu wao wa kusikiliza redio na kufumbua kodi (code) za siri za Wajapani, wakawekwa kwenye shule ya Allidina, na hapo Mombasa wakaifumbua ile iliyokuwa inatumika na meli za mizigo za Japani, JN-40. Yaani meli zilizoundwa Yokosuka ndo zimefanya shule ya Mombasa igeuzwe ofisi ya majasusi. Hii nilikuwa naijua vipande vipande, lakini kuikumbuka ukiwa umesimama kwenye bandari yenyewe ni kitu kingine.

Haya, mchuzi sasa, manake najua wengine mmeruka mpaka hapa.

Jeshi la majini la Japani miaka ya 1880 lilikuwa linakufa kwa ugonjwa wa beriberi. Baharia alikuwa anapata wali mweupe tele, kwa wengi wao kile kilikuwa chakula cha kitajiri, anakula huo mpaka miguu inavimba na moyo unashindwa. Meli moja ya mafunzo, Ryujo, ilirudi 1883 kutoka safari ndefu, katika watu 376 wameugua 169 na wamekufa 25. Daktari wao Takaki Kanehiro, aliyekuwa amesomea London, akasema shida iko kwenye sahani. Mwaka 1884 akafanya meli nyingine, Tsukuba, ipite njia ile ile lakini mabaharia wapewe nyama, mkate, maziwa, na hakufa hata mmoja kwa beriberi. Sababu yenyewe aliikosea, alidhani ni upungufu wa protini kumbe ni vitamini B1 inayotoka na pumba mchele ukikobolewa, lakini dawa ilikuwa sahihi. Jeshi la nchi kavu likakataa kumsikiliza, na kwenye vita vya Urusi inakadiriwa askari wao 27,000 walikufa kwa beriberi. Ishirini na saba elfu, kwa ubishi wa wakubwa.

Kwa hivyo jeshi la majini likawa linatafuta vyakula vya kushibisha vyenye nyama na mboga ndani ya sahani moja, na mchuzi wa kari wa Waingereza, ambao nao waliutoa India, ukaingia vizuri. Ukiongezwa unga unakuwa mzito, wanasema pia meli ikiyumba haumwagiki. Kitabu cha mapishi cha jeshi cha 1908 kina namna ya kuupika, na mwaka 1999 Yokosuka ikajitangaza kuwa mji wa kari, sasa kila mkahawa una wake. Kwenye meli za leo Ijumaa ni siku ya kari, mpaka baharia asiyejua tarehe anajua siku.

Mi nliuliza kwanza mambo ya nguruwe, kijana akaingia jikoni kuuliza, akatoka, akaingia tena, mwishowe tukakubaliana ya mboga. Inaletwa na saladi na glasi ya maziwa, hiyo ndo sheria ya mji, bila maziwa si kari ya Yokosuka. Ladha yake? Tamu tamu, nzito, pilipili hakuna, bizari inasikika kwa mbali. Sisi mchuzi tumeupata kwenye bahari ile ile bila kupitia London, kwa hivyo ulimi wangu ulibisha mwanzo. Kijiko cha tano nikaelewa kwa nini baharia aliyetoka kazini kwenye baridi anautaka. Lakini ndimu jamani, hata kipande kimoja cha ndimu.

Jioni nenda mtaa wa Dobuita, nyuma ya geti la kambi. Hapo ndo zilianzia zile jaketi zinazong'aa za sukajan, baada ya vita askari wa Kimarekani walitaka zawadi ya kurudi nayo nyumbani, mafundi wakawadarizia dragoni, tai na chui milia mgongoni. Sasa vijana wa Kijapani wenyewe ndo wanazivaa, na bei ya zile nzuri nliiangalia nikairudisha kwenye hanga kwa heshima zote. Kuna baa na baga za saizi ya Kimarekani, na ukipita usiku wa mshahara utakuta mabaharia wanaimba barabarani, si mahali pa kwenda na bibi.

Kisiwa cha Sarushima pia kipo, boti kama dakika kumi toka karibu na Mikasa, mahandaki ya matofali ya Meiji na sehemu za mizinga iliyokuwa inalinda Tokyo. Jina linasema nyani, nyani hakuna. Kama una siku moja tu kiache hicho, anza na tiketi ya boti ya manowari asubuhi manake wikendi tiketi zinaisha haraka, kisha nyundo za Verny, Mikasa, halafu kula. Na ukiwa na swali la nguruwe liandike kwa Kijapani kwenye simu kabla hujaingia, utamwokolea kijana wa watu safari mbili za jikoni.