Mwacheni mama atembee

Leo nimebishana na kaka zangu kuhusu miguu ya mama. Wao wanataka akae tu. "Mama tulia, utaletewa." Maji analetewa, uji analetewa, hata kigoda anasogezewa. Najua ni mapenzi, na mtu aliyelea watoto huku juu ya mawe ya Mabatini, mlimani hapa Mwanza, anastahili kupumzika. Lakini mapaja yasiyofanya kazi huisha nguvu, na mzee akishaishiwa nguvu za mapaja, hata kizingiti kinamwangusha.

Bibi mmoja jirani aliteleza chooni akavunjika nyonga. Gari haifiki huku, kwa hiyo vijana walimteremsha kwa blanketi, wakipokezana pembe kwenye ngazi za mawe, naye analia kila wanapokanyaga. Hakutembea tena. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kuanguka kunaua watu wapatao 684,000 kila mwaka, zaidi ya asilimia 80 katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na wanaokufa zaidi ni wenye miaka 60 na kuendelea. Sisi tunasema "uzee umemchukua", tunazika, choo kinabaki vilevile.

Chetu fundi amekisakafia upya na kukichora mistari saruji ikiwa mbichi, akachimbia bomba la kushikia ukutani. Ndala zilizolika kisigino nimezitupa. Mama sasa anavaa viatu vyenye mkanda wa nyuma.

Mwili husimama wima kwa kusaidiwa na macho, sikio la ndani na hisia za nyayo. Mama ana mtoto wa jicho, basi msaada mmoja umeshapungua mpaka atakapofanyiwa upasuaji. Halafu kuna presha na dawa zake: akiinuka ghafla usiku kwenda haja ndogo, damu inachelewa kufika kichwani, kizunguzungu kinampata. Tumekubaliana akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe vifundo vya miguu, ndipo asimame. Taa ya sola inawaka hadi asubuhi.

Kinachonifurahisha zaidi ni mazoezi. Akishaitikia "mwangaluka" zetu, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, anashika nondo za dirisha na kuinua mguu mmoja. Nikitazama chini naona vidole vya mguu uliobaki vinang'ang'ania sakafu, kisigino kinatetemeka, kisha kinatulia. Mjukuu anahesabu kwa sauti, mimi nimesimama karibu. Anabadilisha mguu. Baadaye anainuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, anakaa polepole, anainuka tena. Mwanzoni alikuwa hawezi kabisa, na hofu yenyewe ilikuwa imemfungia ndani.

Kaka mkubwa amekubali kwamba Jumapili mama ashuke mwenyewe kwenda kanisani na mkongojo wake, yeye akitangulia ngazi moja chini yake ili amdake akiyumba. Mdogo bado anasema tunamtesa mama. Kesho nitampigia tena.