Ree ya kopa iliyohesabiwa mara mbili

Juzi jioni mpwa wangu, aliye kidato cha nne, aliniletea daftari lake akiwa amenuna, kwa sababu jibu lake la 17/52 lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu bila maelezo yoyote. Swali lilitaka uwezekano wa kuchomoa karata moja kutoka pakiti ya karata 52 na ikawa ree au kopa. "Mjomba, ree ziko nne, kopa ziko kumi na tatu, sasa kosa liko wapi?"

Nilizitandaza karata mkekani, nikamwambia atenge kila inayofaa. Alizitoa ree zote nne akaziweka kando, kisha akaanza kukusanya kopa, na alipofika kumi na mbili mkono ukasita, kwa kuwa ile ya kumi na tatu, ree ya kopa, ilikuwa imeshakaa kwenye fungu la kwanza. Zilikuwa karata 16, na uwezekano ni 16/52, yaani 4/13. Kanuni ya vitabuni husema jambo hilohilo: jumlisha uwezekano wa matukio mawili, kisha toa uwezekano wa yote mawili kutokea pamoja. Hutolewa mara moja tu. Wapo wanaoifuta ree ya kopa kabisa wakapata 15.

Nadhani hata lugha inachangia. Tukimuuliza mgeni kama atakunywa chai au kahawa hatutarajii ataje vyote viwili, ilhali "au" ya hesabu huvikubali vyote viwili. Swali lingekuwa la ree au bibi, kujumlisha tu kungetosha, maana hakuna karata iliyo ree na bibi kwa pamoja.

Baadaye niliificha mbili ya kopa chini ya mkeka, nikauliza swali lilelile. Mpwa wangu alikuwa amefundishwa kwamba sehemu ya mwingiliano hupatikana kwa kuzidisha, na katika pakiti kamili njia hiyo humfikisha salama: 4/52 mara 13/52 ni 1/52. Katika karata 51, hata hivyo, 4/51 mara 12/51 ni 16/867, na ukweli uliokuwa mbele ya macho yake ni 1/51, yaani 17/867. Pakiti ikiwa kamili, katika kila karata 13 moja ni ree, uhesabu pakiti nzima au kopa peke yake. Ikipungua kopa moja, usawa huo huvunjika, na kuzidisha hakufai tena. Jibu lenyewe likawa 4/51 kuongeza 12/51 kutoa 1/51, ambayo ni 5/17.

Kosa hilohilo hujitokeza kwenye ludo, ambako kete hutoka nyumbani dadu ikionyesha sita, na hapo ndipo alipocheka. Anayejumlisha 1/6 mara sita, akisahau kwamba sita yaweza kutoka zaidi ya mara moja, hupata 1, kana kwamba kete ni lazima itoke ndani ya mitupo sita. Uwezekano wa kukosa sita katika mitupo yote hiyo ni 5/6 iliyozidishwa yenyewe mara sita, takriban 0.335, kwa hiyo wa kuipata ni kama 0.665. Mpwa wangu alikumbuka mchezo wa wiki iliyopita, ambapo alirusha dadu mara tisa kete zake zote zikiwa bado nyumbani.