Nilivyopata rangi ya chungwa isiyopauka

Mchoraji anayekula kwa kuuza machweo hawezi kuikwepa rangi ya chungwa. Nilianza na rangi ya kopo, ile ya milango na magrili, kama wengi tulioanzia Dar es Salaam tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora mwaka 1968. Kopo halina maswali mengi: unapaka, inang'aa, inakauka, mgeni analipa. Maswali yalinianza nilipohamia rangi za mafuta za tyubu. Wateja wa picha hizo wanataka kitu cha kukaa ukutani hata watoto wao waje kukikuta, na ukuta wa huku kwetu haukosi jua.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuacha kusoma jina la mbele ya tyubu. Siku hizi nasoma yale maandishi madogo ya nyuma. Pale huwa pana herufi PO na namba: PO ni kundi la pigmenti (unga unaoipa rangi rangi yake) za chungwa, kama PY ilivyo ya njano na PR ya nyekundu, na namba inakwambia ni ipi hasa. PO20 ni kadimiamu halisi, mchanganyiko wa metali ya kadimiamu, salfa na seleniamu. Tyubu ikijiita kadimiamu mbele, halafu nyuma ikaandikwa PY74 na PO34, ujue humo hamna kadimiamu hata chembe. Si lazima iwe mbaya, ila usiilipie bei ya kadimiamu.

Sikutaka kuamini maandishi peke yake, basi nikajipimia mwenyewe. Nilichukua kipande cha kadibodi kilichopakwa praima, nikachora mistari ya kila chungwa niliyoweza kuipata, nyingine nikiazima kwa wenzangu. Kila rangi niliipaka mara mbili: mara moja tupu, mara moja ikiwa imechanganywa na nyeupe nyingi. Hiyo ya nyeupe ndiyo muhimu, maana rangi iliyopunguzwa hupauka kabla ya ile nzito. Nikafunika nusu ya kadibodi kwa karatasi ya foili, nikaibandika kwenye dirisha linalotazama magharibi, nikaendelea na kazi zangu.

Nilipobandua foili baada ya kiangazi kupita, PO34 yenye nyeupe ilikuwa imegawanyika sehemu mbili: iliyofichwa bado chungwa, iliyoachwa juani imebaki kama chai ya maziwa. Mpaka kati yao ulionekana hata nikiwa mlangoni. PO13 nayo haikuwa na la kujitetea. Makao yake hasa ni wino wa kuchapia, na huko haina kosa. Lakini PO20, PO62 na PO73 sikuona tofauti, hata nilipozisogeza karibu na pua.

Hapo nikaingia kwenye hesabu ya pesa. PO20 ni ghali, lakini inafunika: ukiipaka juu ya mnazi mweusi uliokauka, mnazi unapotea. PO62 inaelekea upande wa njano, PO73 upande wa nyekundu, na zote mbili zina nguvu sana. Ukizitia nyeupe bado zinawaka, wakati PO20 inanyong'onyea mapema. Kwa anga pana natumia hizi mbili. PO20 naiweka kwa jua lenyewe na ukingo wa wingu, mahali padogo panapotakiwa kufunikwa kwa mpako mmoja.

Tena hata tyubu ya PO20 unaweza kuiruka. Njano ya kadimiamu PY35 na nyekundu ya kadimiamu PR108 ni ndugu zake wa damu; seleniamu ikizidi ndipo rangi inapotoka njano, kupitia chungwa, hadi nyekundu. Changanya hizo mbili kwa kisu, chungwa unayo. Ila ukichukua njano ya limau na nyekundu inayoelekea zambarau, utapata kitu kilichozubaa, na hapo usiilaumu tyubu.

Kadimiamu ni sumu, hasa vumbi lake. Kwa hiyo picha yenye PO20 siipigi msasa ikikauka, siipulizi kwa mashine, na ile tabia yetu ya kunyoosha ncha ya brashi kwa mdomo nimeiacha mlangoni. Wa zamani walikuwa na makubwa zaidi: Titian wa Venice, katika karne ya 16, alitumia realga, madini yenye aseniki, ambayo mwanga huigeuza unga wa njano. Baadaye ikaja chungwa ya kromu yenye risasi ndani yake. Sisi tumepunguziwa.

Kilichonisumbua zaidi ya kupauka ni pale chungwa inapokutana na buluu ya juu. Zikigusana zikiwa mbichi zinauana, unabaki na kijivu cha matope katikati ya anga. Ukizitenganisha kwa njano, buluu inaila njano na kutoa kijani. Dawa niliyoipata ni mkanda mwembamba wa nyeupe iliyotiwa kidogo PR122, nyekundu inayoelekea zambarau, ikawa waridi hafifu, katikati yao. Chungwa naivuta kwenda juu hadi kwenye waridi, nafuta brashi kwa kitambaa, kisha buluu naivuta kwenda chini. Brashi ya chungwa haivuki ule mkanda, wala ya buluu haivuki.